Mkia wa Waya Upande wa Kushoto

Nilikabidhi koleo Ijumaa iliyopita, na nyinyi vijana wa yadi mkanipa blanketi na chupa ya chai. Asanteni. Kisha mmoja wenu, sitamtaja kwa sababu alikuwa anacheka, akaniuliza kwa nini kila nikifunga gari lazima niseme kwa sauti kama mtu anayeongea na mlango: namba wima, mkia kulia, mkono wa kulia, mimi Makokha. Mmeniita Redio miaka mingi. Nilisema nitaandika jibu, maana jambo refu nikilisema kwa mdomo naliharibu. Nimesoma mpaka darasa la saba tu. Mahali nimekosea maneno mnisahihishe, lakini watu muwaache vile walivyokuwa.

Ya cheo na mshahara sitaandika. Cheo kilikuwa kidogo na mshahara mnaujua. Nitaandika ya miaka ya sabini, nilipoanza hapa Malaba, kwa sababu ndiyo hamkuyaona, na kwa sababu hofu niliyoipata wakati ule bado ninayo. Mkiona lori limefunga breki kwa nguvu na mimi nimeshika ukuta, ni hiyo.

Siku yangu ya kwanza Mzee Etyang aliniangalia viatu kabla ya uso. Alikuwa Mteso wa upande wa Kocholia, mtu mrefu, na ndiye aliyekuwa akifunga magari yanayovuka na mizigo kwenda ng'ambo, upande wa pili wa mpaka. Aliniwekea koleo mkononi bila kunikaribisha. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na mipini yake ilikuwa imeng'aa kwa kushikwa. Akanionyesha mara moja tu. Unasimama ukiutazama mlango wa gari. Unapitisha waya kwenye komeo, unausokota, unaupitisha kwenye risasi, kisha unabana kwa koleo. Nikisema risasi simaanishi ya bunduki, ingawa miaka ile hukulitaja neno hilo ovyo karibu na daraja la mpakani. Ni kipande laini, ukubwa wa kifungo cha shati, chenye matundu mawili. Ukibana, namba ya ofisi inachorwa juu yake, na hiyo ndiyo sili. Kuanzia hapo hakuna wa kufungua gari mpaka lifike.

Sasa, koleo likishikwa kwa mkono wa kulia, namba inasimama wima, na ule mkia wa waya unaobaki, urefu wa kidole, unaelekea kulia. Mzee alitaka iwe hivyo kila gari, kila siku. Nikamuuliza kwa nini kulia. Akasema, "Funga." Kesho yake nikamuuliza tena kwa heshima zaidi. Akasema, "Kulia." Akaenda zake kuangalia kamba za turubai.

Mimi ni mtu ambaye nikinyimwa sababu naitafuta mwenyewe. Nilitafuta wiki nzima, nikila, nikioga, nikiandika daftari langu. Labda ni mvua? Hapana. Labda ni komeo? Komeo halijui kulia na kushoto. Mwishowe nikaamua, ndani yangu, kwamba ni mazoea ya mzee tu. Sikumwambia mtu kwamba nimeamua. Hilo mliweke akilini.

Ofisini tulikuwa wanne, ukimwacha bosi, ambaye alikuwa Busia mara nyingi zaidi kuliko Malaba. Wa tatu alikuwa Wanyama, aliyekuwa akipokea fomu getini. Huyo alikuwa na mdomo. Ukisema leo ni joto atakubishia, ukikubali ni baridi atakubishia pia. Madereva walimpenda, lakini hakuna aliyedhani kwamba anafikiri. Wa nne ni dada Nabwire, karani wetu, Msamia wa karibu na Port Victoria. Nabwire alijua kila dereva ana watoto wangapi na nani anaumwa. Alikuwa anapika chai ya ofisi ingawa haikuwa kazi yake, na nilichelewa sana kuona kwamba haikuwa kazi yake.

Binti yangu Nasimiyu, aliyesomea ushauri nasaha, alinieleza jambo juzi ambalo limenifanya niwaone upya watu hawa. Anasema kuna kufikiri kwa nje, kwa wale wanaopanga mambo mbele za watu, na kuna kufikiri kwa ndani, ambako mtu anajijengea hesabu yake mwenyewe mpaka ikae sawa, na ikishakaa sawa anatosheka, hata kama hakuna mwingine aliyeiona. Nikamwambia hicho ni kinu cha posho kilichofungiwa mlango. Unasikia kinanguruma, unga huoni. Akacheka, akasema sawa baba, lakini kinu hicho hakikai mahali pamoja kwa kila mtu. Kwa mmoja kiko sebuleni, ndiyo maisha yake. Kwa mwingine kiko jikoni, kinasaidia kazi nyingine. Na kwa mwingine kiko stoo, hakifunguliwi mpaka nyumba ipate shida. Ndiyo maana watu wenye kufikiri kwa aina moja hawafanani hata kidogo. Sijui kama wasomi wote wanakubaliana na hayo. Mimi naandika tu kwamba niliyaona kwa macho, kabla ya kujua yana jina.

Miaka ile ng'ambo kulikuwa kumeharibika. Sitaeleza siasa, sizijui. Nitasema tu tulivyoishi. Mtu alivuka asubuhi kununua matoke, na mama yake akasimama barabarani mpaka arudi. Wengine hawakurudi, na ukiuliza unaambiwa "ameingizwa ndani", basi, hakuna swali la pili. Askari wa upande ule walikuwa wakibadilika mara kwa mara, na kila wapya walikuja wakiwa na hasira mpya. Sisi tulifanya kazi tukiwa tumelipa daraja mgongo, kana kwamba usipolitazama halikuoni.

Alhamisi moja Mzee Etyang alikuwa kwenye mazishi kwao, Wanyama yuko getini, na mimi nafunga peke yangu. Siku iliyotangulia waya ulikuwa umenikata kidole gumba cha kulia, vibaya, na Nabwire akanifunga kitambaa. Koleo halikushikika kwa mkono huo. Nikafunga kwa kushoto. Magari saba ya kwanza nilijitahidi, nikajipinda mwili mpaka koleo litokee upande wa kulia, kama mtu anayejaribu kujikuna mgongo. La nane nilichoka. Mvua ilikuwa inanyesha. Nikabana kwa kushoto nikiwa nimesimama kawaida.

Lilikuwa gari la Musyoka, Mkamba wa Machakos, dereva mtulivu mwenye kofia ya sufu, aliyekuwa akimletea Nabwire ndengu kila safari. Sili ikatoka namba kichwa chini, mkia kushoto. Niliona. Nisijisingizie kwamba sikuona. Kukata na kurudia kungegharimu kipande kimoja cha risasi na fomu ya kumweleza mzee kilienda wapi, na nilimwogopa mzee kuliko nilivyoogopa mambo mengine, maana mambo mengine sikuwa nimeyafikiria. Nikapiga hesabu yangu pale pale. Namba ni ile ile. Risasi ni yetu. Waya haujakatika. Kitabu cha kazi kinasema gari lifungwe, hakisemi mkia uelekee wapi. Hesabu ilikaa sawa kabisa. Nilisimama kidogo tu, kisha nikampungia mkono aende. La tisa nikajipinda tena.

Ijumaa asubuhi mwanamke mmoja mbadilisha pesa alivuka akamwambia Nabwire kwa sauti ya chini kwamba gari la Musyoka limewekwa kando ng'ambo, na dereva ameingizwa ndani. Wanasema sili ni ya bandia. Wanasema amefungua gari njiani, amebadilisha mzigo, amefunga na sili ya kujitengenezea.

Nilikaa chini. Nitasema ukweli kwa kuwa ni kumbukumbu: nilienda choo mara mbili kabla mtu hajamaliza kueleza. Mara zote mbili nilirudi nikiwa nimekusudia kusema, na mara zote mbili nikaona kwanza nihakikishe ndani yangu kama kweli kosa ni langu, au pengine kuna jambo jingine. Fikra inaweza kuwa mahali pa kujificha. Nililijua hilo siku hiyo nikiwa tayari nimejificha humo.

Wanyama alianza kubishana na hewa. Tuseme Musyoka ni mwizi, akasema, je, mwizi angefunga vibaya hivyo, sili ionekane toka mbali? Tuseme si mwizi, basi nani kaigeuza? Tuseme ni askari wenyewe wanatafuta mzigo, mbona hawajaushusha? Nilimkasirikia. Nilidhani anafanya mchezo na maisha ya mtu. Nimwombe radhi hapa, ingawa hayupo kuisoma: alikuwa anafungua mlango mmoja baada ya mwingine aone upi una kitu, na kinu chake kilihitaji kelele za mdomo ili kizunguke.

Aliyenishangaza ni Nabwire. Yule dada wa salamu na chai alikausha uso. Akachukua daftari la magari. Hakuuliza Musyoka anaendeleaje, hakumtaja mkewe. Aliuliza maswali mafupi, kama mtu anayekata kuni. Jana mzee hakuwepo? Hakuwepo. Wanyama hakugusa koleo? Hakugusa. Basi sili zote ni za mtu mmoja. Akafunga daftari, akaja mpaka kwangu, akaushika ule mkono wenye kitambaa.

"Makokha. Kidole hiki nilikifunga mimi. Jana ulifunga na mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Na uliona ilivyotoka?"

"Niliona."

Mzee Etyang, aliyekuwa amerudi asubuhi ile, aliweka kikombe chini. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema maneno zaidi ya matano mfululizo. Alisema namba zinaweza kuigwa na yeyote mwenye fundi mzuri. Kwa hiyo miaka mingi nyuma, wakati wao wawili walifanya kazi yadi moja, yeye na Kato, ambaye sasa ndiye anayekagua sili ng'ambo, walikubaliana: sili ya kweli itatoka namba wima, mkia kulia, kila siku bila kukosa. Anayeiga ataiga namba, hatajua kuangalia mkia. Ikija ya kushoto, Kato ajue ni ya uongo.

"Hukuniambia," nikasema.

"Hukuniambia," akasema.

Hakusema kwa hasira. Tulikuwa tumekaa meza moja mwaka mzima, yeye na sababu yake, mimi na uamuzi wangu, kila mmoja ametosheka. Na Kato pia simlaumu. Alikuwa na askari nyuma yake. Angeiacha ile sili ipite, pengine angeingizwa ndani yeye.

Wanyama akashauri iandikwe barua yenye muhuri iende ng'ambo. Nabwire akamkatiza. "Barua haina mkono wa kushoto. Aende mwenye mkono." Kisha akanigeukia. "Na leo sikuonei huruma, Makokha. Nitakuonea huruma kesho ukirudi." Siku kadhaa baadaye alilia na kuniomba msamaha kwa ajili ya sauti ile, akisema hajui ilitoka wapi. Nasimiyu angesema ilitoka stoo. Mimi nilimwambia hakuna kosa, na sikumdanganya.

Nilikuwa nimeoa miezi minne. Niliwaza kukataa, na siku hiyo sikuwaza kingine kwa urefu kama hicho.

Mzee alikuwa ameshaanza kulizungusha koleo kwenye gazeti ili twende nalo. Wanyama ndiye aliyemzuia. Koleo halikuruhusiwa kutoka yadini, na mkikutwa nalo limefichwa ng'ambo, akasema, mtakuwa nyinyi ndio watengenezaji wa sili bandia, na ushahidi mmeubeba wenyewe. Lishikeni mkononi, wazi, kila mtu alione, na karatasi ya bosi iwe juu yake. Bahati bosi alikuwa amepita kuchukua miwani yake. Akasaini, akauliza kuna nini, na hakungoja jibu. Nadhani lile neno la Wanyama, ambaye hakuna aliyedhani anafikiri, lilituokoa sisi wawili kabla hatujamwokoa mtu.

Daraja lile mnalivuka siku hizi mkila mahindi. Mimi nilihesabu hatua. Mzee alitangulia ameshika koleo mbele yake kwa mikono miwili, kama mtu amebeba sahani ya sadaka, na mimi nyuma na vipande vitatu vya risasi mfukoni. Jasho la mzee lilikuwa limechora shati lake mgongoni. Kuona kwamba anaogopa kulinitia hofu kubwa kuliko yote, kwa sababu nilikuwa nimetegemea haogopi.

Tulipelekwa kwa afisa mmoja aliyekuwa akimenya njugu, moja moja, anazipanga mezani bila kuzila. Kato alisimama kando. Hakutuangalia. Mzee alieleza kwa maneno machache kwamba kijana wake alifunga kwa mkono mwingine kwa ajili ya kidonda, na katika yadi yetu mazoea ni kulia. Hakutaja kabisa kwamba Kato alikuwa amekubaliana naye. Afisa akamgeukia Kato, akamuuliza alijuaje basi kwamba mkia umegeuka.

"Nimekagua sili zao miaka mingi, afande," Kato akasema. "Macho yamezoea."

Mzee aliangalia sakafu. Hapo ndipo nilijua kwamba kunyamaza kwake si kitu kimoja. Kule kwetu kulimponza mtu, na hapa kulikuwa kunamkinga Kato asionekane ana siri na watu wa upande wetu. Nawaandikia hili msije mkadhani nawafundisha kuropoka.

Wakatupeleka kwenye gari la Musyoka. Afisa akasema nifunge. Kipande cha kwanza kiliniponyoka, nikakitafuta kwenye matope kwa magoti huku buti zimenizunguka. Cha pili kikaingia kwenye waya. Nikabana kwa kushoto, nimesimama kawaida, kama Alhamisi. Namba kichwa chini, mkia kushoto. Afisa aliweka sili mbili kiganjani mwake, ile ya kwanza na hii, akazigeuza muda mrefu. Zilifanana kama mapacha.

"Uliona imetoka vibaya?"

"Ndiyo, afande."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nafikiria, afande."

"Na wewe mzee, sababu ya kulia ulimwambia?"

"Hapana."

"Ulikuwa unafikiria pia?"

Askari wakacheka. Alicheka hata Kato, kwa kuwa ilibidi. Sisi hatukucheka. Afisa akala njugu moja, ya kwanza, akasema dereva aende na miguu yake, gari litafuata yeye afisa akiamua. Gari lilikuja baada ya siku mbili, na ni haki niseme mzigo ulikuwa kamili.

Musyoka alitoka bila kofia na bila viatu. Alikuwa anatembea kama mtu anayekanyaga kokoto. Sitaandika zaidi, yeye mwenyewe hakutaka kusema zaidi. Mzee alivua viatu vyake akampa, akarudi Malaba na soksi. Katikati ya daraja mzee alikuwa ametutangulia, na nikaanza kutafuta namna ya kuomba msamaha. Nilikuwa bado naipanga hiyo namna, nachagua neno la kwanza, ndipo Musyoka akasema yeye.

"Alhamisi nilikuwa nakuangalia kwenye kioo. Nilikuona umefungua mdomo."

Nilitazama viatu vya mzee miguuni mwake.

"Ukaufunga. Nikafikiri ulitaka tu kuniambia safari njema. Nikasema moyoni, huyu kijana ana aibu."

Tukafika yadini, ambako Nabwire alimshika mkono akamkalisha na chai. Baadaye nilisikia Musyoka alibaki kuendesha njia ya Mombasa tu. Ndengu hazikuja tena.

Jumatatu yake Mzee Etyang alituita wote watatu, akasimama kando ya gari, akaanza kutuambia sababu ya kila kitu alichowahi kufanya katika yadi ile: kwa nini kamba ya turubai inaanza nyuma, kwa nini anagonga tangi kwa kidole, kwa nini aliniangalia viatu siku ya kwanza. Hiyo ya viatu ni kwa sababu mwenye kamba za viatu zisizofungwa atafunga gari vivyo hivyo. Alichukua karibu saa mbili. Alitoka jasho kama siku ya daraja. Wanyama hakumbishia hata mara moja.

Nami nikaanza kusema kwa sauti. Mwanzoni nilisema nikiwa nimeinama, midomo tu ikicheza. Baadaye dereva akasikia kutoka kwenye kiti chake. Kama sili imetoka vibaya, nalisema hilo pia, kabla gurudumu halijazunguka, hata kama hesabu yangu inaniambia haina neno.

Wiki hii nilitoa madaftari yangu ya zamani ili nisiwaandikie uongo. Nimelipata la mwaka ule. Ijumaa ya daraja nimejaza kurasa sita, maandishi yanapanda na kushuka. Nikarudi nyuma ukurasa mmoja, kwenye Alhamisi, nione niliandika nini jioni ile, nikiwa nimekaa kitandani na daftari ambalo hakuna mtu mwingine angelisoma.

Nimeandika haya tu: Mvua kidogo. Magari tisa.